Juu Maua, Chini Mpunga: Kitulo na Chimala

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa basi, akiisha kwenda kilometa 78 hivi, hufika katika mji mdogo uitwao Chimala, wilaya ya Mbarali. Basi husimama kidogo. Wachuuzi huja madirishani na karanga na ndizi na maji ya chupa, kisha gari huondoka, na msafiri huendelea na usingizi wake. Ni wachache wageuzao shingo kutazama upande wa kulia, yaani wa kusini. Upande ule umesimama ukuta wa milima, na juu ya ukuta huo iko nchi nyingine kabisa, nchi ya majani mafupi, ukungu na maua. Katika ramani yaitwa Uwanda wa Kitulo, nao uko katika wilaya ya Makete. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za pahali hapa pawili. Hapatengwi na mwendo mrefu, maana mtu akiwa Chimala huiona milima kwa macho yake. Lakini hewa ni mbali mbali, mazao ni mbali mbali, na hata magonjwa si yale yale. Tena hatuandiki kwa ajili ya watalii tu. Watu wa juu na watu wa chini wanakula katika chungu kimoja, nacho ni maji, na kila upande una malalamiko juu ya mwenzake.

BARABARA YA HAMSINI NA SABA

Njia ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, kijiji kikubwa kilicho ukingoni mwa uwanda, huitwa Hamsini na Saba. Hesabu hiyo si ya kilometa, ni ya kona. Kona 57 zajipinda moja juu ya nyingine, na katika kila moja dereva hupunguza mwendo na kukaza usukani, na abiria walio juu ya mizigo hunyamaza kimya. Chini Chimala mtu yuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na juu uwandani atakuwa mita 2,600. Wataalamu wa hali ya hewa watuambia ya kuwa kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua kadiri ya nyuzi 6. Basi fanya hesabu mwenyewe. Aliyeondoka chini akifuta jasho atafika juu akitafuta blanketi, na ni siku ile ile.

Malori hushuka na viazi, mbao na njegere. Hupanda na mchele, chumvi, mabati, sabuni na mbolea.

BUSTANI YA MUNGU

Uwanda wa Kitulo uko katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Udongo wake ulitokana na majivu ya volkano za zamani. Ni mweusi na hushika maji. Miti ni michache. Ni majani tu, kilima baada ya kilima, na katikati yake mabonde yenye tope baridi na vijito. Mlima Mtorwi, ulio mrefu kuliko yote ya huko, wafika karibu mita 2,960. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, Frederic Elton, balozi mdogo wa serikali yake kule Msumbiji, alipita njia hiyo, na Wazungu wakauita uwanda kwa jina lake. Wenyeji hawakuwa wamepotea hata waonekane na yeye, wala jina lenyewe halikudumu. Siku hizi ni wachache walijuao.

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti usiku huwa na baridi kali hata sakitu hulala juu ya majani, na asubuhi uwanda huwa mweupe kama ulionyunyizwa chumvi. Mvua zikianza, toka mwisho wa Novemba hata Aprili, mambo hubadilika. Vilima vyote huvaa maua ya manjano, mekundu, meupe na ya zambarau. Wataalamu wamehesabu aina 350 za mimea, na katika hizo aina 45 ni okidi. Okidi ni maua ambayo matajiri wa Ulaya hulipa fedha nyingi wayatunze katika nyumba za vioo. Huku huota yenyewe, bila mkulima. Ndege nao wapo. Kuna mbayuwayu wa rangi ya bluu iliyoiva, aliyekwisha kuwa haba sana katika Afrika, ambaye huja Kitulo kila majira ya mvua kutaga mayai.

Mwaka 2005 serikali iliufanya uwanda huo pamoja na msitu ulio jirani kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilometa za mraba 413 hivi. Ni hifadhi ya kwanza katika nchi za joto za Afrika kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea, si kwa ajili ya simba na tembo. Mtu aendaye huko akitazamia tembo atarudi na hasira. Hata hivyo yuko mnyama mmoja wa heshima, naye ni kipunji. Ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia na ushungi kichwani. Wawindaji wa Kinyakyusa wa mlima Rungwe walimjua na kumpa jina hilo, lakini wataalamu walidhani ni hadithi tu. Mwaka 2003 walimwona kwa macho yao, na mwaka 2005 wakaandika habari zake. Yumo pia katika msitu wa milima ya Livingstone, ndani ya hifadhi.

Jambo moja kubwa lililoharakisha kuwekwa kwa hifadhi ni chakula cha watu wa Zambia. Okidi zina viazi vidogo chini ya ardhi. Wazambia huvikausha, huvisaga, hupika pamoja na unga wa karanga, wakapata chakula kigumu kinachokatwa vipande kama mkate. Hukiita chikanda. Ni chakula chao cha tangu zamani, nasi hatukilaumu. Lakini okidi za kwao zilipopungua, wachuuzi walivuka mpaka, na watu wa nyanda za juu za kusini wakaanza kuchimba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viazi vilivyovushwa vilihesabiwa kwa mamilioni kila mwaka. Na kila kiazi kilichochimbwa ni mmea uliokufa, maana okidi haioti upesi kama muhogo.

Basi hifadhi ikawekwa. Waliozoea kuchunga juu ya uwanda waliambiwa wasichunge tena, na waliopata ada ya shule kwa kuchimba okidi wakawa wavunja sheria. Hatusemi kwamba serikali ilikosa. Maua yale yangekwisha, na yakiisha hayarudi. Lakini ni haki kusema wazi kwamba watu wa juu walilipa kwa ajili ya jambo ambalo faida yake kubwa hushuka chini pamoja na maji. Habari hiyo tutairudia.

RIZIKI YA WATU WA JUU

Wenyeji wa Matamba ni Wawanji. Kusini zaidi, kuelekea Bulongwa na Makete mjini, ni Wakinga. Mashamba yametundikwa ubavuni mwa milima, mengine yameinuka hata mgeni hushangaa mlimaji asivyoporomoka. Kwa ajili ya baridi mahindi hukaa shambani miezi minane na zaidi kabla ya kukauka. Kwa hiyo mkulima wa juu hutegemea ngano, njegere, ulezi, na kupita vyote viazi mviringo, vile tulivyozoea kuviita viazi ulaya. Chipsi ziliwazo Dar es Salaam, nyingi zimetoka katika nyanda hizi za kusini.

Kiazi ni rafiki mwema lakini ana maadui. Mvua ikizidi na ukungu ukikaa, majani hupata madoa meusi, na katika siku chache shamba zima hunuka kuoza. Asiye na fedha za dawa ya kupulizia hutazama tu. Kadhalika mbegu: wengi huuza viazi vikubwa, hula vya katikati, na vile vidogo vidogo huvirudisha shambani kuwa mbegu, mwaka hata mwaka, na kwa njia hiyo magonjwa hurithiwa kama deni la baba. Kituo cha utafiti cha Uyole, karibu na Mbeya, kimetoa mbegu njema. Mmojawapo wa aina zake waitwa Kikondo, jina la kijiji kilicho jirani na Kitulo.

Lakini adui mbaya kuliko ukungu ni lumbesa. Gunia hujazwa hata mdomo, kisha hushonewa kofia ya nyavu au ya kipande cha gunia la pili, likawa kama mama aliyebeba mtoto mabegani. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kila mwaka viongozi hukataza lumbesa, na kila mwaka lumbesa hushuka Hamsini na Saba mchana kweupe.

Kwa nini mkulima hukubali? Kwa sababu kiazi hakingoji. Mahindi yaweza kulala ghalani, lakini viazi huchipua na kuoza, na lori likiondoka leo pengine halirudi mpaka wiki ijayo, na mtoto anadaiwa sare ya shule kesho. Twawashauri wakulima wa Matamba na wa popote: mizani moja ya kijiji iliyonunuliwa kwa michango yafaa kuliko hotuba kumi. Kaya moja ikikataa lumbesa peke yake, mchuuzi atakwenda nyumba ya pili. Kaya zote za kitongoji zikikataa siku moja, atapima kwa kilo, maana naye ameshalipia mafuta ya lori na hawezi kurudi mtupu.

Liko zao jingine la fedha, pareto, ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano. Akina mama na watoto hulichuma na kulianika. Kiwanda chake kiko Mafinga. Ndani ya ua hilo mna dawa ya kuua wadudu, na kwa hiyo hutiwa katika dawa za mbu. Twaona ni jambo la kuchekesha kidogo: huko juu baridi hairuhusu mbu kustawi, lakini huko ndiko liotako ua liwauao mbu wa watu wa mabondeni.

Uwandani liko pia shamba la mifugo la serikali, lenye ng'ombe wa maziwa wa madoa meusi na meupe.

Huzuni kubwa ya nchi ya juu ni UKIMWI. Kwa miaka mingi wanaume wa Makete waliondoka kutafuta kazi na biashara, kwa sababu ardhi ilikuwa ndogo na fedha hakuna. Wakinga ni hodari wa biashara. Maduka yao utayakuta Mbeya, Makambako, Iringa hata Kariakoo. Lakini wengine walirudi nyumbani wakiwa wagonjwa, na ugonjwa ukabaki na mke. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Njombe, ambao Makete imo ndani yake tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, watu wazima 12 na zaidi katika kila 100 wana virusi. Kwa nchi nzima ni 4 na kidogo. Bibi wengi wamelea wajukuu wasio na baba wala mama. Siku hizi dawa zipo na hutolewa bure, na atumiaye kila siku bila kukosa aweza kuishi hata aone wajukuu wake mwenyewe. Anayejificha ndiye azikwaye upesi.

Hapo Makete ndipo ilipo hospitali ya Ikonda ya Wamisionari wa Consolata, iliyoanza katika miaka ya 1960. Iko mbali na barabara kuu, baridi ni kali, lakini wagonjwa huifuata kutoka mikoa mingine.

CHIMALA NA BONDE LA USANGU

Sasa tushuke. Chimala si mji wa kupendeza macho. Ni nyumba za matofali ya kuchoma na bati, mashine za kukoboa mpunga, maduka ya mbolea, gereji, bodaboda wanaongojea abiria chini ya mti, na vibanda ambamo viazi vya Matamba hukutana na mafuta ya moto. Barabara kuu yapita katikati, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita karibu. Mchana jua huchoma. Vumbi la malori huingia hata ndani ya kabati. Lakini fedha huzunguka, na kijana wa milimani akifika mara ya kwanza hudhani amefika mji mkuu.

Kaskazini ya mji bonde la Usangu limetandikwa kama mkeka. Ni nchi ya Wasangu, watu wa mtemi Merere, lakini leo wamo humo Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasukuma na ng'ombe wao, na Wabaluchi. Hao Wabaluchi, ambao asili yao ni ng'ambo ya bahari upande wa Uajemi, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulima mpunga wa mifereji huko, wakati wa utawala wa Mwingereza. Baada ya uhuru yakaja mashamba makubwa: Mbarali mwaka 1977 kwa msaada wa Wachina, na baadaye Kapunga. Lakini zaidi ya hayo kuna maelfu ya majaruba madogo ya watu wa kawaida, eka moja, eka mbili, yaliyozungushiwa kingo za udongo.

Mwaka wa mpunga huanza kwa kitalu cha miche mvua za kwanza zinapokaribia. Kisha hulimwa, kwa ng'ombe au kwa trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Kisha huja kupandikiza, kazi ya kuinama kutwa, miguu katika maji hata magotini. Hapo ndipo vibarua hushuka kutoka milimani, vijana na wasichana, kwa sababu kazi ni nyingi na mwenye shamba hulipa fedha taslimu. Wengine hurudi kwao na bati la nyumba ya mama. Wengine hawarudi. Mzazi anayemruhusu binti wa miaka 14 kushuka na mtu asiyemjua vizuri, kwa ahadi ya kazi ya ndani au ya mashambani, ajiulize mara mbili atalala wapi, na fedha yake itashikwa na nani.

Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea hushuka kama wingu. Mtu asiyeamia ndege hatavuna kitu. Basi watoto hupelekwa shambani tangu alfajiri na makopo na kombeo, na madawati shuleni hubaki wazi. Baba akiulizwa atasema: ndege hawangoji Jumamosi. Ni kweli. Lakini tumesikia pia habari za majirani waliogawana zamu, leo mtu mzima wa nyumba hii, kesho wa nyumba ile, na watoto wote wakaenda shule. Jambo hilo halihitaji fedha, lahitaji majirani wanaosemezana.

Tena kuna malaria, na kuna kichocho, kinacholetwa na konokono wadogo wakaao katika maji yanayotulia. Mtoto akikojoa damu si jambo la kungojea wala la kupelekwa kwa mganga wa mizizi. Dawa yake ni vidonge vya hospitali, na ni rahisi.

Mtu wa bondeni mwenye majaruba mawili yenye maji ya uhakika husomesha watoto wake na kujenga. Mwenye majaruba mawili mwisho wa mfereji huvuna majani. Udongo ni ule ule, mbegu ni ile ile. Tofauti ni maji tu.

MAJI YA NANI?

Usangu penyewe hapanyeshi sana. Kwa mwaka bondeni hupata milimita 600 au 700 za mvua, na milimani hupata 1,000 hata 1,600. Maana yake mpunga wa Chimala hukua kwa mvua iliyonyesha pahali pengine. Mto Chimala, mto Kimani, mto Mbarali na Ruaha Mkuu wenyewe hushuka kutoka milimani. Majani ya uwandani na udongo wake mweusi ni kama godoro: mvua ya Machi huingia ndani, na hutoka kidogo kidogo mpaka Septemba. Ukiulima mteremko ule bila matuta, ukiyachoma moto majani kila mwaka, ukipanda mikaratusi juu ya chemchemi, mvua itashuka yote kwa siku mbili ikiwa na tope, ibomoe mabanio ya watu wa chini, kisha mfereji ukauke.

Kwa hiyo watu wa Chimala husema, watu wa juu wanatumalizia maji kwa vinyungu. Vinyungu ni zile bustani za mabondeni ambazo watu wa nyanda za juu huzilima wakati wa kiangazi, penye unyevu, wapate mboga na mahindi mabichi wakati ghala ni tupu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 hukataza kazi za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka mto au chemchemi. Sheria ni njema. Lakini mwenye kinyungu hujibu, hizo mita 60 ndizo shamba langu lote, na uwanda wa juu mmekwisha kuufunga. Jibu hilo si la kupuuza.

Lakini ngoja kidogo. Chimala nayo ina watu walio chini yake. Maji yote ya Usangu hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu, hutokea mahali paitwapo Ng'iriama, hupita katika Hifadhi ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, kisha Rufiji. Mtera na Kidatu hutoa umeme wa nchi. Zamani Ruaha Mkuu haukukauka. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko hubanana katika madimbwi ya tope. Mwaka 2006 mabwawa yalipungukiwa maji, Dar es Salaam ikakaa gizani, na watu wakatafuta mwenye kosa. Walimwona mfugaji. Wafugaji na ng'ombe wao kwa maelfu waliondolewa Ihefu, wakapelekwa mbali, Lindi na Pwani, na ng'ombe wengi wakafa njiani. Mwaka 2008 kinamasi kiliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Na mto je? Uliendelea kukauka. Wataalamu waliopima mito ya Usangu kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, walikuwa wamekwisha kuona jambo ambalo wengi hawakupenda kulisikia: sababu kubwa ya kukauka kwa mto wakati wa kiangazi haikuwa ng'ombe. Yalikuwa mabanio ya mifereji, yaliyoachwa wazi baada ya mavuno. Maji yalizidi kuingia katika mashamba yasiyo na mmea, yakazama, yakakaushwa na jua. Mengine yalitumiwa na watu kwa kunywa na kufua, na hilo ni haki yao, lakini kwa ndoo kumi za kunywa mfereji mzima ulikuwa ukimwagika porini.

Basi Chimala, inayolalamika juu ya Matamba, yalalamikiwa na Mtera. Na hata ndani ya mfereji mmoja, aliye karibu na banio hulala usingizi, na aliye mwisho hukesha na taa akilinda zamu yake. Watu wamepigana kwa majembe juu ya zamu hizo.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 imeweka jumuiya za watumia maji, ili wanaokunywa mto mmoja wakae pamoja na kukubaliana. Hapo ndipo pa kuanzia, lakini jumuiya nyingi za namna hii ni mikutano ya watu wa mfereji mmoja, nao husahau kwamba mto una kichwa. Sisi tungependa kuona mwenyekiti wa wakulima wa mpunga akipanda zile kona 57 kila mwaka, kabla ya mvua, akae na wazee wa Matamba. Asiende mikono mitupu. Wenye majaruba hulipa ada ya maji. Sehemu ya ada hiyo ingeweza kununua mbegu safi za viazi, au miche ya miti ya asili ya kupandwa kwenye chemchemi, au ile mizani tuliyoitaja. Mtu wa juu akiona kwamba chemchemi anayoiacha bila kulima yamletea kitu mezani, ataitunza bila askari. Na mtu wa chini, akiisha kuvuna, afunge banio.

Hayo ni mambo ya watu wenye kukaa karibu, na hawa si wageni wao kwa wao. Wameoana. Mchele wa arusi za Matamba watoka Usangu. Ni nadra kupata mtu wa Chimala asiye na shangazi, mjomba au shemeji huko juu, ingawa wengi wao humtembelea kwenye msiba tu, kwa sababu ya baridi.

Wasomaji wengine watauliza kama hifadhi ya Kitulo ni ya wageni tu. Sivyo. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na walimu wa shule na viongozi wa vijana wangefanya vema kuwapeleka watoto. Wakati wa maua ni Desemba hata Aprili, na katika miezi hiyo barabara huwa na utelezi, basi waulize kwanza hali ya njia. Kila mtoto awe na sweta na viatu vizuri. Wasichume ua wala kuchimba kitu. Waondoke Chimala mapema, lakini wajue kwamba asubuhi ndipo malori ya viazi yanaposhuka, na katika kona nyingine magari mawili hayapishani bila mmoja kurudi nyuma.